Pikapu Mbili Nyekundu na Bibi Harusi Mmoja

Majirani zangu wa Ganshoren, huku ughaibuni, ndugu wawili kutoka Bukavu, wana pikapu za Kimarekani za aina moja, zote nyekundu. Ya kaka mtu ni ya kizazi cha kwanza, ya mdogo wake ni ya kizazi cha pili. Mpwa wao alipokaribia kuolewa, likazuka swali: nani atambeba? Anayembeba bibi harusi ndiye anayeongoza msafara wa honi, na picha zote ni zake.

Waliniita nizilinganishe, kwa kuwa mimi ni Mtanzania, sina upande. Nikaanza kwa utaratibu. Ya kwanza imenyooka kila pembe, na injini yake inanguruma kwa chini hadi vioo vya jirani vinatetemeka. Ya pili ina mabega ya mviringo. Ukiikanyagia mafuta inapiga mluzi, kisogo chako kinagonga kiti. Kwa mbio, ya kwanza haioni ndani.

"Petit, iyo yako iko inapika maharagi?" kaka mtu alimuuliza mdogo wake aliposikia mluzi.

"Bon, yaya, yako iko sawa kabati. Kabati haitembeyake," mdogo alimjibu kaka yake.

Hukumu yangu haikusubiriwa. Dada yao, mama wa bibi harusi, alifungua milango akachungulia. Ya zamani ina kiti kimoja kirefu. Mpya ina viti viwili vilivyotengwa na kasha.

"Humu mutoto atakaa. Na miye?" Akaufunga mlango wa ile mpya, akamgeukia mdogo mtu. "Weye utabeba chakula. Na usikimbize, sombe itamwangika." Sombe ni kisamvu, kwa lugha ya kwao.

Siku ya harusi niliketi kando ya mdogo mtu. Tulitangulia kutoka nyumbani kwa bibi harusi na masufuria nyuma, tukielekea ukumbini Evere. Kwenye kona, magari yenye riboni yalikuwa yanangoja pikapu nyekundu, yaifuate hadi kanisani Ixelles. Mdogo mtu alipunguza mwendo, kwa ajili ya sombe, alisema. Kisha akapiga honi moja, fupi sana. Kwenye kioo nikaona gari la kwanza likijiunga nyuma yetu, halafu mengine yote.

"Jirani, wanatufuata sisi."

"Wamesikia harufu," alisema, macho mbele.

Tulifika Evere kwa honi na vigelegele, wageni wakashuka wakimtafuta bibi harusi kati ya masufuria. Simu ikalia. Alikuwa yeye, mbele ya kanisa, na bwana harusi, mama yake, padri na mjomba mmoja.

"Tonton, yaya yako amenibeba miye, weye umebeba arusi. Uilete."

Tukashusha masufuria upesi. Sombe haikuwapo tena, kwa hiyo mdogo mtu hakuwa na sababu ya kwenda polepole.

Kaka mtu alikuwa mlangoni mwa kanisa, amekunja mikono. Wanasema aliusikia mluzi kabla hatujakata kona, akamgeukia dada yake.

"Alors," akasema, "maharagi imeiva."