Mjane Kwenye Ukumbi wa Tango

Brampton, Kanada, mwezi wa Novemba. "Mjane wa ndugu yangu hawezi kwenda kukata viuno Buenos Aires," alisema Shemeji Eliya, amekaa sebuleni kwangu, anakunywa chai yangu. Hosea, mume wangu, alikuwa na mwaka na ushee kaburini. Matanga tulishaanua, nguo nyeusi nilishavua kwa maombi mbele ya watu wote. Sasa nikae tu? Tango, ile dansi ya Argentina ya watu wawili, tulijifunza pamoja mimi na Hosea, kila Jumamosi, na safari hii tuliipanga wote wawili. "Ukienda," Eliya akaongeza, "kwenye ibada ya kumbukumbu usikae na familia." Iliniuma, maana Kanada nzima sina ndugu wengine. Tiketi nilikata siku ileile.

Buenos Aires, asubuhi. Toronto niliiacha na baridi ya kukata masikio. Huku mijakaranda imechanua mitaa mizima, kama kwetu Arusha. Nilipanga chumba kwa Graciela, mama wa makamo anayejua Kiingereza cha kutosha. Alinitembeza mtaa wa La Boca, penye nyumba za mabati, kila moja na rangi yake. Mchana tukaenda Recoleta, kwenye makaburi makubwa yenye milango na vioo. Pale nililia, wala sikujificha. Kisha tukala nyama choma mpaka nikalegeza mkanda.

Usiku, ukumbini. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, nami katika gauni jekundu. Nyimbo zikapita, zikapita tena, asije hata mmoja kuniomba. Nikawaza, ni umri wangu huu, au ni rangi yangu? Hasira zikanipanda, nikataka koti langu niondoke.

"Mbona unawakataa wote?" Graciela akaniuliza.

"Nimemkataa nani? Hakuna aliyekuja!"

"Hapa haji mtu. Mwanamume anakuomba kwa macho kutoka kulekule, ukikubali unaitikia kwa kichwa. Wewe unatazama sakafu tu. Yule mwenye mvi amekutazama mpaka amechoka."

Lo! Kumbe ni adabu niliyolelewa nayo, ya kutomkodolea mwanamume macho. Nilicheka peke yangu. Nikainua uso, nikamtazama mzee wa watu bila haya, akaniashiria kwa kichwa, nikaitikia. Nilicheza mpaka miguu ikavimba, na nilimkumbuka Hosea kwa furaha, si kwa majonzi.

Mississauga, siku ya ibada. Eliya alinidaka mlangoni kwake. "Watu nimewaambia ulikuwa kwenye semina ya manesi wenzako," akaninong'oneza. "Kiti chako kipo mbele, na familia. Usiniaibishe, shemeji."

Nikakaa. Baada ya sala, wakati wa chakula, mchungaji akanigeukia: "Mama, semina ilikuwaje huko?"

Eliya akakohoa. Lakini katika safari ile nilijifunza jambo moja: sikufanya kosa lolote, na kiti cha kununuliwa kwa uongo sikitaki.

"Hakukuwa na semina, Mchungaji. Nilikwenda kucheza tango, kama nilivyokuwa nikicheza na Hosea."

Nikabeba sahani yangu ya pilau, nikaenda kukaa nyuma na wageni. Sijamaliza tonge la pili, mke wa Eliya akaja na sahani yake, akaketi ubavuni mwangu, mumewe anatazama.

"Dada," akasema, wala hakushusha sauti, "hebu niambie, mguu unaanza upi?"