Majivu ya Mama Mkwe

Tulikuwa na gesti Nachingwea, miaka ile umeme ulipoanza kutulia. Msimu wa korosho na ufuta vyumba vilijaa, na shimo la choo nalo likifurika, ilhali kisima cha majirani kiko bondeni, chini ya kwetu. Mume wangu, fundi bomba aliyerudi kutoka Dar, akajenga mtambo wa vyumba vitatu. Cha kwanza taka nzito huzama. Cha pili pampu hupuliza hewa mchana kutwa, usiku kucha, ili vijidudu visivyoonekana kwa macho vipumue na kuula uchafu. Cha tatu maji hutulia, hupita kwenye dawa, ndipo yaende kwenye migomba. Yalitoka meupe, hayanuki. Nilijigamba nayo kama niliyezaa mapacha.

Mama mkwe akaja kutoka Naipingo kukaa nasi. Akakuta choo hakimwagiwi majivu, na huku kwetu choo bila majivu ni aibu ya mwanamke wa nyumba. Hakunisema. Kila akimaliza swala ya alfajiri alifunua mfuniko wa chumba cha pili, akamwaga majivu ya jikoni, na Ijumaa akaongezea mafuta ya taa. Alikuwa ananisitiri, jamani!

Mtaa ukaanza kunuka mayai viza. Bwana afya akaja, majirani nyuma yake, akatupa wiki tatu: akikuta uchafu bado unateremkia kisimani, anaifunga gesti. Hatukuwa na mkorosho hata mmoja. Gesti ndiyo ilikuwa ugali wetu na ada za watoto.

Mume wangu akafunua chumba cha pili. Mapovu yalikuwepo, lakini maji ya kijivu, juu yanang'aa mafuta. Akachokoa chini kwa mti, majivu yakapanda.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," mama akajibu, hana wasiwasi. "Ningeacha shimo linuke?"

Mume wangu akautupa mti chini. Mimi sikuweza kujizuia. "Mama, umeviua vijidudu vyote!"

"Hee! Kumbe mnafuga wadudu wa chooni?"

Tulisafisha chumba kile, tukaenda Ruangwa, kwenye hosteli yenye mtambo kama wetu, kuomba tope lililo hai, lenye vijidudu vyake. Tukajaza mapipa mawili kwenye pikapu. Tope likikosa hewa muda mrefu linakufa, kwa hiyo lazima likorogwe njia nzima. Mama akakataa kubaki. Akapanda nyuma na pipa lake, mimi na langu, barabara inatutupa, tope linaturukia kangani. Nilikuwa na hasira naye hata sikumtazama. Kwenye mlima gari likazima. Mume wangu akafungua boneti, nami nikaacha kukoroga nikaanza kulia.

"Utalia nyumbani," mama akasema. "Koroga."

Nikakoroga. Gari lilipowaka mabega yangu hayakuwa yangu tena.

Tulimimina, tukasubiri. Harufu ikapungua polepole, maji ya chumba cha pili yakageuka rangi ya udongo, lakini yale ya chumba cha tatu yalikuwa bado na ukungu bwana afya aliporudi. Akachota kwenye glasi. Akainua juani, akanusa, akachungulia tena.

"Harufu imekwisha. Ukungu huu utaisha," akasema. "Endeleeni na wageni wenu."

Mume wangu akaangua kilio pale pale, mbele ya majirani.

"Mwanaume mzima unalilia choo?" mama akamkaripia. Kisha akakaa chini kwenye udongo, akanishika mkono asiuachie.