Gogo la Jirani Yetu

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea kigoda alichokinunua njiani pale Nyahanga. Kizuri, kimepakwa vanishi, kinang'aa. Nikakigeuza, nikakinusa chini, nikakiweka sakafuni. Kilikuwa cha mti mbichi. Harufu ya mninga wenye maji naijua, rafiki yangu, na kila ikinifikia nakosa raha siku nzima. Sijawahi kumweleza mtu kwa nini. Leo keti nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kijijini Samuye, miaka ile ya sabini ambapo kila mtu alikuwa mwanafunzi. Jumamosi alasiri, wazee wakishamaliza kisomo chao cha kusoma na kuandika, darasa la kuchonga lilianza ndani ya ghala la pamba. Hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Wazee wawili waligombania patasi moja kama watoto, na bibi yangu alikaa chini kando yangu akichonga mwiko. Vumbi la pamba lilitupanda puani, tukawa tunapiga chafya huku tezo zinagonga ko, ko, ko. Bibi alikuja na matobolwa kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, tukala na karanga tukiwa na mikono imejaa unga wa mbao. Wanaume walimtania, "Bibi na tezo wapi na wapi!" Naye bila hata kuinua kichwa, "Kwani ugali mnaokula mimi nausonga kwa ulimi?" Ghala zima likaangua kicheko.

Mwalimu wetu alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja: hakuna kuchonga kitu cha kudumu kwa mti mbichi. Magogo yetu yalilala kwenye kona, kila moja na alama ya mwenyewe iliyochorwa kwa mkaa, ncha zake zimepakwa mavi ya ng'ombe ili likauke polepole lisipasuke. Kupaka mavi ilikuwa kazi yangu, na kufagia pia. "Mti una maji yake," alikuwa akituambia, "yaache yaondoke yenyewe."

Gogo lililokaa pale muda mrefu kuliko yote lilikuwa la jirani yetu. Nilimwita baba mkubwa, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Mguu wake mmoja aliupoteza Maganzo, shimo la almasi lilipomporomokea. Alitembea kwa magongo mawili, na mtu mwenye magongo mikononi jembe analishika na nini? Mkewe alilima peke yake. Baba mkubwa alikuja darasani kwa jambo moja tu: kuchonga mguu wa mti, aufunge kwa mikanda ya ngozi, arudi shambani asimame kando ya mkewe. Gogo lake lilikuwa limengoja miezi tisa.

Langu lilikuwa na mwezi mmoja. Lakini Sabasaba ilikuwa inakuja, wageni wa wilaya watakuja kutazama kazi zetu, nami nilitaka kigoda changu kiwe mbele kuliko vyote. Basi mchana mmoja nikiwa nafagia ghala peke yangu, nilifuta alama mbili za mkaa nikazichora upya. Lake likawa langu, langu likawa lake. Yalikuwa ya mninga yote mawili, yakilingana unene. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufagia.

Hapo ningeweza kusema nilikuwa mtoto, basi. Ila kuna lililofuata. Jumamosi ile mwalimu alikuwa anaumwa, na baba mkubwa alipolinyanyua gogo akakunja uso. "Mbona bado zito hivi?" Akaniangalia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiyatunza. Nikamjibu haraka, "Paa linavuja, baba mkubwa. Ni mvua za juzi tu, kwa ndani limekauka." Akatabasamu. "Haya mayu," akasema, kama Wasukuma tunavyomwita mama au binti tunayempenda, "wewe msomi ndiye unayejua." Akashika tezo.

Kigoda changu kilisifiwa Sabasaba, wakanipigia makofi. Na yeye alitembea! Mguu ulitoka vizuri, laini kwa kusuguliwa na majani ya msasa, na siku aliyopita njiani mikono mitupu akina mama walimpigia vigelegele. Mkewe alilia hadharani. Nami nilipiga vigelegele, usiniulize kwa moyo gani.

Upepo wa kiangazi ulipokaza, mti ukaanza kukauka mguuni mwake. Siku ya kupima pamba, akiwa na gunia begani mbele ya kijiji kizima, mguu ulipasuka toka juu hadi chini, akaanguka. Mwalimu alizichunguza zile pande mbili akatikisa kichwa. "Ulilichonga bichi. Ulikosa subira." Baba mkubwa alikuwa bado amekaa chini, pamba imemtapakaa. Akasema, "Kweli mwalimu. Ni pupa yangu." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale.

Mwalimu alimpa gogo lingine. Alilikataa. Alisema mikono yake ina pupa, italiharibu na hilo, bora apewe mwingine. Akarudia magongo, na mkewe akaendelea kulima peke yake mpaka mgongo ukapinda.

Darasa lile lilikufa, mwalimu alihama, na ghala sasa ni kuta tu, mbuzi wanalala ndani. Bibi sinaye. Baba mkubwa nilikwenda kumzika nikiwa tayari na mvi. Mwanawe alisimama akasema baba yao aliwalea kwa onyo moja: msiwe na pupa kama mimi, nilivunja mguu wangu mwenyewe. Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa huzuni. Mimi nilikuwa nyuma na akina mama, naosha sahani. Kwa umri ule hakuna ambaye angenichapa kama ningesema kweli. Niliinama nikaendelea kuosha.

Kila Jumamosi, kwa miezi tisa, mtu yule alikuwa akiligonga gogo lake kwa kidole, akilitegea sikio, kisha akilirudisha mahali pake. Sijaona mwenye subira kama yeye, na watoto wake hawajui.