Mstari Mwekundu wa Murdo Bisset

Murdo Bisset aliendesha gari la posta kwa miaka thelathini na minne katika barabara zinazotoka Dingwall kwenda magharibi, na katika njia yote hiyo hapakuwa na mbwa wa shamba asiyemjua kwa mlio wa breki. Hakuoa. Walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba kila mara alikuwa na miadi na treni. Watu walicheka, lakini hakuwa akitania. Tangu akiwa na miaka tisa, nafasi yake yote aliimalizia kando ya reli, kitabu cha namba za injini kikiwa kimefunguliwa gotini.

Kutazama treni kuna kanuni moja tu. Ukiiona injini kwa macho yako mwenyewe na kuisoma namba yake, unaipigia mstari mwekundu kwa rula. Usipoiona, huipigii. Hakuna hakimu wala shahidi. Ni wewe na kitabu chako.

Kitabu cha Murdo kilikuwa na mistari arobaini na saba, yaani kundi zima la dizeli ndogo zilizovuta treni za kaskazini enzi za ujana wake. Chama cha watazama treni kiliamua kwamba Jumamosi kitatundika cheti chenye jina lake kwenye ukuta wa mgahawa wa stesheni. Murdo alishukuru, akarudi nyumbani, akakosa raha. Jumatano, akila supu kwa shemeji yake Dolina, alishindwa kuvumilia.

"Shemeji, mstari mmoja ni wa uongo."

Dolina, mwalimu mkuu mstaafu, aliweka kijiko chini. "Upi?"

"Injini Kumi na Tisa. Mwaka sabini na mbili, stesheni ya Inverness. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate wa nyama. Nikasikia inaunguruma, nikatoka mbio, nikakuta moshi. Ewen akaniambia, ni Kumi na Tisa, nimeiona mimi. Nikapiga mstari."

Ewen alikuwa kaka yake Murdo, na mume wa Dolina. Alifariki miaka sita iliyopita.

"Kwa hiyo mume wangu naye yumo."

"Yumo kidogo."

"Hapa hakuna kidogo, Murdo. Jina la Bisset likipanda ukutani, lipande likiwa safi. La sivyo, lisipande."

Kisha akaenda kwenye lundo la magazeti, akapekua, akamwekea ukurasa mmoja mezani. Wapenzi wa reli walikuwa wameifufua Kumi na Tisa baada ya miaka mingi ya kuoza, nayo kesho yake ingevuta treni ya matembezi kutoka Inverness hadi Kyle.

"Saa tatu uwe mlangoni kwangu," akasema. "Na ufute miwani yako."

Asubuhi ya Septemba ilikuwa imeoshwa na mvua ya usiku. Gari dogo la Murdo lilipanda taratibu, vilima vikiwa na rangi ya zambarau kwa maua ya porini pande zote, maji ya ziwa yakimetameta nyuma ya miti. Dolina alibeba chupa ya chai, mikate ya mayai na peremende za maziwa alizopika mwenyewe, na kila baada ya kona alimlisha dereva kipande kama anayelipa ushuru wa njia.

"Pale palikuwa na bata mzinga," Murdo alisema, akionyesha geti. "Alinifukuza miaka mitatu. Barua za pale nilizirusha ndani kwa dirisha la jikoni."

"Ndiyo maana mama wa shamba lile alisema barua zake zinanuka supu."

Walipita Garve, wakasimama mahali ambapo reli inakimbia sambamba na barabara, umbali wa hatua ishirini. Dolina alipanda juu ya kilima kidogo cha nyasi. Murdo alibaki ukingoni mwa lami, kitabu mkononi. Mngurumo ukaja. Aliujua kabla hajaona chochote. Wakati huohuo, kutoka upande wa pili, lori refu la magogo likatokea kwenye kona na kupita mbele yake, gogo baada ya gogo, kama lisilo na mwisho. Lilipomalizika, alibakiwa na mkia wa behewa la mwisho.

"Nimeiona!" Dolina alipiga kelele kutoka juu. "Kumi na Tisa, wazi kabisa!"

Murdo alimtazama, kisha akafunga kitabu.

"Usiniangalie hivyo," alisema Dolina, akishuka huku ameshika sketi. "Najua. Neno la mtu wa nyumbani ndilo lililotufikisha hapa. Washa gari."

Bondeni waliikuta treni, wakaenda nayo bega kwa bega. Abiria walipunga mikono, mtoto mmoja akawatolea ulimi, na Dolina, mwanamke wa heshima zake, akamrudishia. Injini ilikuwa mbele, mabehewa sita mbele.

"Nikiongeza kidogo tu, nitaisoma nikiwa hapahapa."

"Macho barabarani, mzee! Nimeshazika Bisset mmoja, wa pili asubiri zamu yake."

"Basi, stesheni ya Achnasheen. Pale lazima isubiri treni inayotoka Kyle. Reli ni moja."

Achnasheen treni ilikuwa imesimama kweli. Murdo alitembea kwa haraka kupita behewa baada ya behewa, akafika mbele, akasimama. Rangi ya kijani, mpya, na ubavuni namba nyeupe. Akaisoma. Akaisoma tena kwa sauti. Kumi na Tisa.

"Aa, Murdo!" Alikuwa Fergus Tolmie, katibu wa chama, kofia kichwani na kamera shingoni. "Umekuja kumsalimia rafiki wa zamani?"

Nyuma yake Murdo alisikia Dolina akisimama. Lilikuwa swali rahisi. Ndiyo moja tu ingetosha, na ukuta ungepata cheti chake.

"Hapana, Fergus. Ndiyo mara ya kwanza tunaonana. Mstari wa sabini na mbili niliupiga kwa neno la kaka yangu. Mimi nilikuwa nanunua mkate wa nyama."

Tolmie alimtazama Murdo, akaitazama injini, kisha akavuta saa yake ya mfukoni.

"Kwa hiyo umemaliza kundi leo."

"Leo."

"Saa tano na dakika thelathini na nne." Akaandika. "Jumamosi hatutundiki kitu, Murdo. Mchoraji wa cheti itabidi aanze upya, tarehe aliyoandika si yenyewe. Nipe wiki mbili."

"Chukua tatu," alisema Dolina, na kumkabidhi shemeji yake rula apige mstari upya.