Farasi Niliyemruka

Baba alipoanza kupoteza macho, mimi ndiye niliyemletea farasi.

Yeye na mama walikuwa Buffalo, mtaa wa Lower West Side, kwenye nyumba ya ghorofa ya pili. Mimi nilikuwa Louisville, na dada yangu mdogo Columbus. Hivyo ndivyo tulivyogawanywa Marekani tulipotoka kambi ya wakimbizi, kila mtu na ndege yake. Kule kwetu, milima ya Kivu ya Kusini, baba alikuwa mfugaji, na watu walimwita kutoka vijiji vya mbali aje amtazame ng'ombe kabla hawajamnunua. Alimzunguka mara moja, akamwacha atembee hatua kumi, kisha akasema: huyu mchukueni, huyu ana ukwato unaomuuma. Sikumbuki akikosea. Buffalo hapakuwa na mnyama wa kumtazama, na hata angekuwepo, presha ya macho ilikuwa inamletea giza kutoka pembeni, kidogo kidogo. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi.

Mimi napakia maboksi ghalani. Kwenye chumba chetu cha mapumziko kuna televisheni, na Louisville kila mtu ana neno la kusema juu ya farasi. Wenzangu walipenda mbio za tambarare, za dakika mbili na zimekwisha. Mimi nilipenda zile za kuruka viunzi. Farasi wanakimbia maili mbili na zaidi juu ya majani, wanaruka ua baada ya ua, na aliyetangulia safari nzima anaweza kuanguka kwenye ua wa mwisho. Nilipoziona mara ya kwanza niliwakumbuka ng'ombe wetu wakivuka mito yenye mawe, na baba akituonyesha ni yupi atakayesita.

Nikaanza kumtumia baba ujumbe wa sauti kila Jumamosi asubuhi. Nilisoma orodha ya farasi watakaokimbia, nikamweleza nani alishinda wapi, nani amebebeshwa uzito mkubwa, nani hapendi majani yaliyolowa, halafu nikamtajia mshindi wangu. Hatukuweka hata senti moja, maana baba ni shemasi na kamari haina nafasi nyumbani kwake. Ilikuwa heshima tu. Mbio zikiisha alinipigia. "Bon," alisema kwa Kifaransa cha kwetu, "ulipata!" Au: "Ulikosa, lakini ulifikiri muzuri." Kwa maneno hayo niliweza kubeba maboksi wiki nzima.

Kisha dada yangu akaingia.

Yeye hutunza wazee majumbani. Walimpangia mzee mmoja wa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, ambaye ujanani alikuwa mpanda farasi wa mbio hizo hizo za viunzi. Bega lake moja lilivunjika, likaunga vibaya. Mchana kutwa alitazama mbio kwenye kompyuta, na kila mara farasi walipoanza kuzungushwa kabla ya kupandwa, alimuuliza dada yangu swali moja: "Unaona nini?" Dada akijibu kwa kusoma karatasi ya orodha, mzee alimnyang'anya karatasi.

Jumamosi moja dada akatuma ujumbe wake kwa baba, na baba akautuma kwangu kwa furaha. Niliusikiliza ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala.

"Papa, huyu wa tatu ana rangi ya chai yenye maziwa kidogo. Shingo yake iko chini, hana haraka. Anatembea kama mama mukubwa anayekwenda kanisani, anajua kiti chake kiko wapi. Papa, mimi namuchukua huyu."

Huyo wa tatu akashinda. Wangu alifika wa sita.

Nilimpongeza dada. Nikamwambia ni bahati ya mgeni. Lakini roho iliniuma siku ile yote, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule farasi. Mimi niliyekuwa nampa baba uzito na maili, nilimwona farasi ndani ya ujumbe wa dada yangu.

Mwezi ukapita, akapata tena, na tena. Baba aliponipigia sasa alianza na habari za dada. "Dada yako alisema ule mweusi ataogopa kivuli cha ua. Na akaogopa kweli!" Alicheka mpaka akakohoa. Mama naye alichukua simu akasema, bila nia mbaya, "Mutoto huyu anamufanya papa wako aone." Nilijibu vizuri. Nilipokata simu nilikaa nikitazama ukuta.

Lazima niseme kilichoniuma zaidi. Kule milimani, baba alinichukua mimi kwenda kwa ng'ombe. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanigeuza nitazame miguu, si pembe. Dada yangu hakuchukuliwa hata siku moja. Alichota maji. Kutazama mnyama kulikuwa urithi wangu, niliachiwa mimi peke yangu, na sasa mtoto wa kike aliyefundishwa na mzungu mgonjwa alikuwa anautumia mbele ya macho ya baba. Nilisikiliza kila ujumbe wake mara tatu nikitafuta kosa. Nikaanza kuiga: nami nikasema farasi fulani anatembea kama mtu fulani. Baba akasikiliza, akasema, "Eh, wewe nipe tu uzito wao."

Majira ya kuchipua mwaka uliofuata, dada alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alikwenda Buffalo na gari lake, akawachukua baba na mama, wakalala kwake Columbus, kesho yake akawaleta Louisville. Nje ya mji, mwendo wa saa moja na kitu, kulikuwa na siku ya mbio za viunzi kwenye majani. Tulibeba viti vya kukunja, maandazi, chupa ya chai na blanketi la baba. Tukamkalisha baba karibu na uzio wa duara ambapo farasi huzungushwa kabla ya mbio. Alinyanyua pua. "Ninawasikia harufu," akasema, na uso wake ulirudi kuwa ule wa kule milimani.

Kabla ya mbio kubwa, dada alikuwa ameshachagua kwa video za wiki iliyotangulia: farasi jike, wa kahawia, mwenye alama nyeupe usoni. Mimi nilichagua dume wa kijivu. Farasi walipoanza kuingia, mama aliomba kupelekwa msalani, na dada akaenda naye.

"Bon, eleza," baba akaniambia. "Wako wangapi?"

"Wanane, Papa."

Nikaanza. Nilijitahidi kama sijawahi kujitahidi. Nilimsimulia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha yule jike wa dada akapita mbele yangu, na nikaona. Kwenye kona, kichwa chake kiliinuka, kidogo sana, kila mara mguu wa mbele wa kushoto ulipogusa chini, kama mnyama anayekwepa maumivu. Akapita tena. Kichwa kikainuka tena.

Kijana aliyemwongoza alikuwa karibu nami, hatua tatu tu. Ningeweza kumwita. Ningeweza kumwambia baba. Nilijiambia kwamba wenye farasi wana daktari wao, mimi ni nani, mpakia maboksi. Lakini hiyo haikuwa sababu. Nilifurahi. Nilifikiri: leo dada atakosa, na atakosa mbele ya baba. Nikamruka yule jike, nikaendelea na aliyemfuata, nikamaliza. Dada na mama waliporudi, wapanda farasi walikuwa wameshakaa juu na farasi walikuwa wanatoka.

Mbio zikaanza. Dada alimsimulia baba sikioni, mkono wake begani mwa baba. Jike wa kahawia alikuwa wa pili muda wote, akiruka vizuri hata nikadhani macho yangu yamenidanganya. Kwenye ua wa pili kutoka mwisho aliruka, akatua, akapiga hatua mbili zilizovunjika. Mpanda farasi akamvuta, akamsimamisha, akaruka chini. Yule farasi akabaki amesimama kwa miguu mitatu, mguu wa kushoto ukining'inia.

Wa kijivu akashinda. Watu walipiga kelele.

Wahudumu walikimbia na pazia la kijani wakamzungushia yule jike, watu wasimwone. Dada aliacha bega la baba, akaenda kusimama kwenye uzio, akilia kwa sauti. Hakulia kwa sababu ya kushindwa. Pazia lilipoondolewa, tuliona wakimtembeza farasi pole pole mpaka kwenye gari la wanyama, naye akapanda mwenyewe.

Baba alinishika mkono. "Yako imeshinda."

"Ndiyo, Papa."

"Uliniambia wanane. Ukanisimulia saba. Ule wa dada yako, ulimuona?"

Ningesema nilisahau. Lakini alikuwa ameshika kiganja changu, na macho yale yasiyoona yalikuwa yananielekea.

"Nilimuona. Kichwa chake kilikuwa kinainuka akikanyaga."

"Mguu gani?"

"Wa mbele, kushoto."

Hakunigombeza. Aliachia mkono wangu tu, akajifunika blanketi. "Donc, kumbe unajua kutazama," akasema. "Enda umwambie dada yako."

Nilimwambia kule kwenye uzio. Nilimwambia yote, hata lile la kufurahi. Alinitazama kana kwamba nazungumza lugha asiyoijua.

"Yaya," akasema. Kwetu ndivyo unavyomwita aliyekutangulia kuzaliwa. "Yaya, mimi nilikuja na wazee kutoka mbali vile ili tukae pamoja. Ungesema tu."

Jioni ile hakula kwangu. Aliwapakia wazee garini wakarudi Columbus, na wiki tatu hakupokea simu yangu. Habari ya farasi niliipata kwa mama: yule mzee wa Gahanna alikuwa ameulizia kwa watu anaowajua, akaambiwa kano ya mguu imechanika, lakini ataishi, amepelekwa malishoni na hatakimbia tena.

Wiki ya nne dada alinipigia mwenyewe, Ijumaa, bila salamu ndefu. "Kesho kuna mbio. Nimetazama video. Mimi huangalia uso na shingo, miguu hunipita. Tazama miguu, uniambie kabla sijamutumia Papa."

Nilitazama. Nikamwambia wa tano hakanyagi sawa nyuma. Alimwondoa, akamtumia baba ujumbe wake, na mwisho wake akasema, "Miguu ameiona yaya."

Baba alipiga simu jioni. Alimsifu dada kwanza, kwa muda mrefu, na bado iliniuma. Kisha akaniuliza huyo wa tano alikuwa anakanyagaje, nikaanza kumweleza.