Vidonge vya presha vilivyomwangusha baba mkubwa mbele ya wakwe

Kamwene wakuu.

Nakaribia tisini, nikikosea herufi mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu, sina cha kuongeza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Mimi Mnyakyusa, karani kijana pale Mbeya. Nilimpenda Eliza, binti wa Kihehe wa Kilolo. Baba yangu alishafariki, hivyo kaka yake, baba mkubwa Ambwene, ndiye aliyekwenda kunisemea posa.

Siku chache kabla ya safari kichwa kilimuuma sana. Hospitali wakasema damu imepanda, wakampa vidonge. Enzi hizo dawa za presha ndio kwanza zinaingia. Akavimeza kama alivyoagizwa.

Tukapanda basi, Igawa tukanywa chai, Kilolo tukafika hoi.

Wakwe walikuwa Walutheri wa msimamo. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, haukuingia nyumbani kwao kabisa.

Kijana hukai kwenye mazungumzo ya posa, kwa hiyo mimi nilikuwa kibarazani, mlango wazi. Baba mkubwa alikaa muda mrefu akisikiliza. Zamu yake ilipofika, akasimama upesi.

Sikusikia neno. Nilisikia kishindo.

Kaangukia sufuria la mchuzi. Wakamnyanyua, wakamsimamisha. Akaanguka tena, na safari hii suruali ikalowa.

"Huyu kalewa," shangazi yake Eliza akasema.

Wakuu, aibu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaingia, nikamlaza mkekani. Alipolala tu akaanza kupata nafuu, akanivuta karibu.

"Usibishe, mwanangu. Waache waseme nimelewa. Kuanguka na kulowa hivi, wakisema ni kifafa, hutaoa hapa wala kwingine."

Vijana hamjui. Ukoo uliotajwa kifafa ulikimbiwa. Ulevi ulisameheka.

Na huyu ni mtu ambaye hajaonja pombe maishani mwake! Akamgeukia Mzee Yohana, baba yake Eliza: "Nisamehe, mzee. Pombe imenizidi."

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Si kweli, mzee," nikasema. "Baba hanywi. Anaumwa damu kupanda, ameanza dawa juzi. Mkinikataa, nikataeni kwa ukweli."

Baba mkubwa akajifunika uso kwa koti lake. Sijui nilimwokoa au nilimvua nguo.

Mzee Yohana akainama, akamkaribia mdomoni, akanusa.

"Hanuki pombe," akawaambia ndugu zake. "Kesho tunampeleka hospitali. Posa isubiri."

Kesho yake daktari wa misheni akampima amelala, kisha amesimama. Akasema kifafa hakuna hapa. Dawa ilikuwa kali kwake, kila akisimama presha inashuka ghafla. Akapunguza dozi, akamwagiza ainuke taratibu. Mzee Yohana alikuwa palepale, akasikia mwenyewe.

Posa ikakubaliwa. Lakini baba mkubwa aibu haikumtoka. Siku ya harusi aliitwa kutoa baraka, akabaki ameshika kiti, hathubutu kusimama. Watu wakaanza kunong'ona.

Mzee Yohana akavuta kiti chake hadi ubavuni kwake, akaketi. "Leo wazazi tunabariki tukiwa tumekaa," akasema kwa sauti. "Anza wewe, mkwe."

Akaanza, machozi yanamtoka.

Somo wakuu: ukianza dawa ya presha, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo uinuke. Ukisikia kizunguzungu, lala chini, halafu umwambie daktari. Usiache dawa kimyakimya. Na kuumwa si aibu.

Hilo la mwisho naliandika tu, mwenyewe limenishinda. Wiki iliyopita nami nimeanzishiwa dawa, na juzi nimeanguka bafuni. Wanangu nimewaambia niliteleza kwenye sabuni.

Mliopitia haya, nipeni maneno. Nawaambiaje ukweli?