Jibu la Fuensanta lililoiponza boti ya Gwilym

Fuensanta Conesa amelala chali juu ya kipande cha boksi, chini ya boti iliyopandishwa kwenye magogo, anakwangua. Magamba ya baharini yanamwangukia kifuani na kwenye nywele. Ni adhuhuri ya Agosti, na yadi hii ya boti ya Águilas, pwani ya Hispania, haina kivuli ila hicho cha tumbo la boti.

Fundi mmoja anapita na kopo la rangi. "Fuen, ile yangu pale usiisogelee bwana, utaikamatisha!"

"Ile yako hata forodha hawaitaki," anajibu bila kugeuka. "Imeoza kama mwenyewe."

Wanaume wanacheka. Yeye hacheki.

Mpaka mwaka juzi, mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili hakuwa kibarua wa kukwangua. Alikuwa mtunza boti katika bandari moja ndogo upande wa Mazarrón, akishika funguo za boti kumi na nne za Waingereza, Waswisi na Wanorwei. Wenyewe wakirudi makwao, yeye ndiye aliyewasha injini zisigande, akatoa maji yaliyoingia, akakaza kamba upepo wa mashariki ulipochafuka.

"Nilikuwa naingia humo kama naingia jikoni kwa mama," anasema.

Leo amebakiwa na boti mbili. Kukwangua kunamlipa euro hamsini kwa siku, kama siku hiyo kazi ipo.

Kisa chenyewe ni Heulwen, boti ya matanga ya Gwilym Prosser, mzee wa miaka sabini na minne kutoka Wales. Gwilym alikuwa mchomelea vyuma kiwandani. Boti hiyo aliiunga mwenyewe nyuma ya nyumba yake, bati kwa bati, na alipofiwa na mkewe aliuza nyumba akahamia ndani yake. Akasafiri nayo mpaka bandari ile ya Fuensanta, akaishi gatini pale miaka kumi na moja. Jumapili alikula wali wa supu ya samaki nyumbani kwa Fuensanta, na alimwita "binti".

Nchi yake ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, akageuka mgeni wa kuhesabiwa: siku tisini katika kila siku mia na themanini. Boti nayo, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba kodi ya ongezeko la thamani ililipwa, ikapewa miezi kumi na minane. Miezi ikikaribia kuisha, aliipeleka Morocco na kurudi, hesabu ianze upya. Chuma kikawa na ruhusa ya kukaa muda mrefu kuliko mwenye chuma.

Kwa nini hakujiandikisha kuwa mkazi mapema?

"Akijiandikisha, boti inadaiwa kodi papo hapo," anasema Fuensanta. "Asipojiandikisha, anafukuzwa yeye. Huku moto, huku maji. Alichagua maji."

Masika ya mwaka juzi Gwilym alikuwa kwao, siku zake zimekwisha, Heulwen ilipoanza kuvuja. Kutu ilikuwa imekula bati moja chini. Bandari haikuwa na mashine ya kunyanyua boti nzito, na yadi ya Águilas ilikuwa na nafasi wiki hiyo tu. Fuensanta akampigia simu.

"Ipeleke wewe, binti. Nani mwingine?"

Kabla ya kung'oa kamba alipita ofisini kwa Liborio, msimamizi wa bandari, akamuuliza kama kuna tatizo yeye kuendesha boti ya mgeni.

"Ni hapo tu, mama," Liborio alimjibu. "Nani atakuuliza?"

Waliuliza. Alipoikaribia rasi ya Cope, boti ya doria ya forodha ilimsogelea. Kijana mpole, kwa maneno ya Fuensanta, alimwamkia, akaomba karatasi.

"Mwenye chombo yumo?"

"Yuko kwao, Wales."

"Na wewe ni mkazi wa wapi, mama?"

"Wa hapa hapa! Nimezaliwa Mazarrón, na mama yangu kazaliwa Mazarrón."

"Nilijibu kwa majivuno, unajua," ananiambia, akifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilidhani namtoa wasiwasi."

Kisheria, boti iliyoingia bila kulipiwa kodi haiendeshwi na mkazi wa Ulaya wakati mwenyewe yuko nje. Gwilym angekuwapo nchini, yangepita. Fuensanta angekuwa mgeni kama yeye, yangepita pia. Heulwen ilivutwa mpaka gatini, ikafungwa mnyororo na kubandikwa lakiri. Kodi pamoja na faini vikapita euro elfu kumi na tatu, na pensheni ya Gwilym haikuweza kuvibeba.

Alikuja. Akaruhusiwa kuingia, akisindikizwa na ofisa mmoja, kuchukua nguo na picha za mkewe, akatoka na mifuko miwili. Waliketi gatini, yeye na Fuensanta.

"Nikamwambia, nisamehe mzee wangu. Akaniambia, 'Ungeiacha izame.' Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga."

Aliiachia serikali boti yake, akaondoka. Hakuna aliyeinunua mnadani, na majira ya baridi ilikatwa vipande ikauzwa chuma chakavu.

Fuensanta alimfuata Liborio ofisini, mbele ya wateja. "Si uliniambia niende?"

"Mimi? Mimi nakodisha nafasi za boti, Fuensanta. Siuzi sheria."

Nilipomuuliza Liborio mwenyewe, alisema hakumbuki mazungumzo hayo, akanikaribisha kahawa. Mwezi uleule Heulwen ilipokamatwa, wenye boti wengine, wakihofia zao, walianza kuja kuchukua funguo, mmoja mmoja. Wengine waliona aibu, wakamletea chokoleti.

"Chokoleti!" anasema, na kutema mate kando.

Gwilym hapokei tena simu. Anapokea binti yake, Carys, aliyempa chumba cha wageni nyumbani kwake. Mara ya mwisho alisema kwa upole kwamba baba angependa aachwe apumzike.

Fuensanta hajawahi kutoka Hispania. Mwezi uliopita alichukua pasipoti, ya kwanza maishani mwake, na kibali cha kuingia Uingereza, kwa kuwa sasa ni yeye anayeomba ruhusa. Tiketi ni ya Oktoba. Hajamwambia Carys.

Namuuliza itakuwaje mzee akikataa kumwona.

Anaokota kikwanguo, anakijaribu makali kwa kidole gumba. "Basi nitakaa mlangoni. Ana haki ya kunifukuza, sikatai. Lakini atoke anifukuze mwenyewe, kwa mdomo wake. Nimechoka kufukuzwa kwa upole."